Mbao za Mama Pina

Asubuhi ile Despina aliamka kabla ya jua, kama siku zote, akabandika kahawa. Kahawa yake ilikuwa nzito na chungu, machicha yanabaki chini ya kikombe. Isidori hakuwahi kuipenda. Aliinywa miaka thelathini na tano.

Walikaa mezani wawili, chumba cha mbele, nyumbani kwao mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Meza yenyewe ilikuwa na ufa katikati, umezibwa kwa nta. Nje mabasi ya mwendokasi yalikuwa yameshaanza kupita.

"Leo namaliza uso," Despina alisema.

"Uso wa nani?"

"Wa ng'ombe. Wa nani mwingine?"

Isidori akacheka. Siku tatu mkewe alikuwa anachora ukuta wa bucha ya Bryson, mtaa wa pili. Miguu ya ng'ombe ilikuwepo, nundu ilikuwepo, mkia na kwato vilikuwepo. Kichwa hakikuwepo. Bryson alikuwa ameanza kulalamika.

"Mama Pina, wateja wananiuliza nauza ng'ombe gani asiye na kichwa."

"Waambie kichwa kinakuja na treni," Despina alimjibu.

Ndivyo alivyofanya kazi. Uso mwisho. Kwanza nguo, kwanza mikono, kila kitu kwanza, uso mwisho. Hata wale wanawake wa kwenye kuta za saluni aliwasuka nywele, akawavalisha hereni, akawaacha bila sura mpaka siku ya kuondoka. Watu walimcheka. Hakuacha.

Alimaliza kahawa, akainama kufunga kamba za viatu. Miaka sabini, na bado alifunga viatu mwenyewe. Akiwa ameinama vile akauliza swali lake.

"Isidori, leo una la kuniambia?"

Aliliuliza kila asubuhi. Isidori alikuwa amelizoea kama mtu anavyozoea kuulizwa ameamkaje.

"Mwavuli," alisema. "Usisahau mwavuli."

"Haya."

Akachukua mwavuli, akachukua ndoo ya brashi, akatoka.

Saa nne watu walikuja kumwita Isidori karakanani kwake. Alimkuta Despina kwenye kigoda, mgongo umeegemea ukuta, brashi mkononi, kama mtu anayepumzika. Ng'ombe hakuwa na kichwa. Mwavuli ulikuwa pembeni yake, mkavu. Mvua haikunyesha.

Siku zote za msiba swali lile lilimrudia Isidori. Kwa sababu alikuwa na la kumwambia. Alikuwa nalo tangu mwaka tisini na nne, miaka ishirini na tisa, na hakulisema. Sasa wa kuambiwa hayupo. Kikabaki kitu kimoja tu ambacho mzee alitaka kukijua kabla naye hajafukiwa: je, Pina alijua?

Despina alizaliwa Hios, kisiwa cha Wagiriki. Baba yake alikuwa baharia, nyumbani haonekani. Aliyemlea ni mjomba wake, mchoraji wa picha za watakatifu. Mjomba hakuwa na mtoto wa kiume, akamfundisha yeye. Watu wa kisiwani walisema mzee anaiharibu kazi kwa kumpa mwanamke. Mzee hakuwajibu. Alikuwa na mdomo mzito, na alimrithisha binti huo pia.

Picha zile hazichorwi kwenye karatasi. Zinachorwa kwenye ubao. Ubao unapakwa gundi ya ngozi, unavishwa kitambaa, halafu unapakwa chaki iliyokorogwa na gundi mara nane, na kila mara unasubiri ikauke. Kisha unasugua msasa mpaka unakuwa kama yai lililomenywa. Rangi ni udongo na mawe yaliyosagwa, yanakorogwa na kiini cha yai na tone la siki. Picha kama hiyo kwenye ubao mzuri inakaa miaka mia tano na zaidi. Kwenye ubao mbaya haimalizi mwaka.

Mwaka themanini na sita mjomba aliitwa Dar es Salaam kuchora kanisa la Wagiriki wenzake. Alikuja na wasaidizi watatu, Despina mmoja wao. Kazi ya miezi mitatu. Walihitaji fundi wa mbao, wakaletewa Isidori, kijana wa Masasi, asiyejua kusoma wala kuandika. Lakini ukimpa ubao akaugonga kwa kifundo cha kidole, alikwambia mti wake ulikatwa lini.

Despina alimuuliza jina.

"Isidori."

Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la chaki. Kiswahili alikuwa nacho kidogo wakati ule, cha kuokoteza.

"Hilo jina la kwetu! Isidori ni mtakatifu wa kisiwa chetu. Alikatwa kichwa."

"Kwa kosa gani?"

"Walitaka aseme uongo. Akakataa."

"Basi mimi niko salama," Isidori alisema. "Mimi ni fundi. Kila siku nawaambia wateja njoo kesho."

Miezi mitatu iliisha. Mjomba akafunga mizigo. Despina akasema anabaki.

"Ukibaki hapa utakufa bila jina," mjomba alimwambia.

"Na huko kwetu tunaandika majina?"

Ilikuwa kweli. Picha zile mchoraji haweki jina lake. Hajaweka yeye, hakuweka aliyemfundisha.

Walioana mwaka themanini na nane. Mama yake Isidori alipandishwa basi kutoka Masasi kuja kumwona mkwe. Alimtazama kutwa nzima. Jioni akamvuta mwanawe pembeni.

"Huyu anakula ugali?"

"Anakula, mama."

"Na anaamka mapema?"

"Ananiamsha mimi."

"Basi."

Mtoto hawakujaliwa. Mtaa ukamwita Mama Pina hivyo hivyo, kwa jina lake mwenyewe, ili asikose kuwa mama wa mtu. Khalfani, muuza viungo wa jirani, alimsagia mawe ya rangi kwenye kinu chake cha bizari, kisha akalalamika mwezi mzima kwamba pilipili manga yake imegeuka kijani. Lakini akamsagia tena.

Kazi ilikwenda. Isidori alitengeneza mbao, Despina alichora. Picha zake zilikwenda Tanga, zilikwenda Arusha, mpaka Lubumbashi zilifika. Na mbao zilikuwa na sheria. Kila ubao ulionunuliwa Despina aliutia alama kwenye ncha, msalaba mdogo mwekundu, na chini yake mwaka. Isidori akaupandisha juu kwenye kenchi za paa. Ukae miaka miwili. Kabla ya hapo hauguswi na mtu. Ikiwa wageni wameketi sebuleni, Despina aliwaonyesha juu kwa kidole, kama mwingine anavyoonyesha picha za wanawe.

"Wale wanalala," aliwaambia. "Msiwaamshe."

Mwaka tisini na nne akaja mzee Anestis. Mgiriki, mzaliwa wa Kilosa. Alikuwa amepata shamba la mkonge upande wa Morogoro na anajenga kanisa dogo kumkumbuka mama yake. Alitaka ubao mmoja mkubwa, urefu wa mtu, Mama amempakata Mwana.

"Ukinipendeza huu," alimwambia Despina, "kuta zote za kanisa ni zako. Na nina ndugu Johanesbagi na Aleksandria, wote wanajenga."

Despina alitazama juu kwenye kenchi. Zilikuwepo mbao tatu za mvule, pana, zimenyooka, zina alama ya tisini na mbili. Alikuwa anazitunza kwa siku kama ile.

"Zinatosha," alisema.

Hapa ndipo panapouma, na lazima pasemwe.

Isidori alikuwa na mwanamke mwingine. Celina, msichana wa Rombo, mwenye saluni Msimbazi, chumba cha mbele saluni, cha nyuma kulala. Isidori hakuwa na sababu ya kwenda kwake. Nyumbani hakunyimwa kitu. Alikwenda kwa sababu kule alikuwa fundi mkubwa, na nyumbani alikuwa fundi wa mkewe. Sababu ndogo kiasi hicho.

Celina alikuwa na ulimi.

"Seremala gani wewe? Nguo zangu ziko kwenye boksi la sabuni."

"Nitakutengenezea kabati."

"Lile la mbao za kupinda? Nina mvuke humu wa kuchemshia taulo. Wiki mbili mlango haufungi."

"Langu halipindi."

"Wote mnasema hivyo."

Ijumaa moja Despina alikwenda Morogoro kupima ukuta wa Anestis. Ukuta ulikuwa haujakamilika, akakaa huko wiki mbili. Isidori akapanda kwenye kenchi, akazishusha mbao tatu. Alijiambia atanunua nyingine. Mbili zikawa milango, ya tatu ikawa mashubaka ya kabati. Kwa nje alipiga randa zikang'aa kama kioo. Kabati halikupinda. Celina alifungua na kufunga, akafungua na kufunga, akacheka kwa furaha, na Isidori akajiona mtu.

Kisha akarudi Gerezani, kwenye lori lililoshusha mvule wiki ile. Aligonga. Sauti ilikuwa nzito, sauti ya maji. Mbao mbichi. Alijua. Hakuna mtu mjini pale aliyejua kuliko yeye. Alizichukua, akaziunga, na Despina aliporudi aliukuta ubao umeshavishwa kitambaa, umeshapakwa chaki mbele, nyuma, na kwenye ncha, mahali pa alama.

"Umewahi," Despina alisema.

"Nilitaka kukusaidia."

Aliuinua upande mmoja. "Mzito."

"Ni gundi."

"Uligonga?"

"Niligonga."

Mtu akiambiwa hivyo na Isidori hakuwa na haja ya kugonga tena. Despina hakugonga.

Alichora miezi minne. Alikula amesimama. Uso wa Mama aliuacha mpaka wiki ya mwisho, na wiki ile hakuongea na mtu. Ulipokwisha, Khalfani aliitwa aje aone. Muislamu safi, hata picha ukutani hana. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Mama Pina," alisema, "huyu ananitazama kama namdai na yeye ndiye anayenionea huruma."

Isidori alitoka nje. Alitaka kusema siku ile. Ubao ulikuwa bado nyumbani, ungeweza kusubiri. Alisimama pale nje mpaka lori la Anestis likafika, akasaidia kupakia.

Miezi saba baadaye lori lilirudi. Lilirudisha ubao.

Jua kavu la Morogoro lilikuwa limefanya kazi yake. Ufa ulianzia juu, ukashuka kwenye paji la uso, ukapita katikati ya jicho la kulia la Mama, ukatokea chini kwenye mguu wa Mwana. Chaki imebanduka vipande. Mzee Anestis aliuegemeza kwenye benchi la karakana. Kiswahili chake kilikuwa cha shambani, cha kuamrisha.

"Nani kachagua mbao?"

Isidori alikuwa na randa mkononi.

"Mimi," Despina alisema. "Nilikuwa na haraka. Sikusubiri zikauke."

"Wewe? Mjomba wako angekukata vidole."

"Angefanya vizuri."

"Mama yangu amepasuka jicho siku ya kumbukumbu yake. Mbele ya wageni. Unajua nilisema nini? Sikuwa na la kusema." Akamgeukia Isidori. "Na wewe fundi, ulikuwa wapi?"

"Alifanya nilichomwambia," Despina alisema.

"Kila mtu aliniambia, usimpe kazi mwanamke anayekaa na seremala wa Gerezani. Nikajifanya najua."

Isidori aliweka randa chini. Alimsindikiza Anestis mpaka kwenye lori. Alimfungulia mlango wa gari. Aliporudi, Despina alikuwa anafagia. Unga wa chaki ulikuwa umemwagika sakafuni, upande wa ncha za ubao. Isidori aliuona. Hakuuliza umemwagikaje.

Hakukuja Mgiriki mwingine. Habari za ubao uliopasuka zilimfikia kila mtu wa kwao, mpaka Johanesbagi. Mjomba aliandika barua fupi, Despina aliisoma mara moja, akaitia kwenye jiko. Picha yenyewe aliisugua kwa msasa siku mbili, Mama akaondoka, Mwana akaondoka, ukabaki mti mtupu wenye ufa.

"Nitengenezee meza," alimwambia Isidori.

"Ubao huu?"

"Huu. Ya kunywea kahawa."

Akaitengeneza. Ufa akauziba kwa nta. Asubuhi ya kwanza waliyoikalia meza ile ndipo Despina alipoliuliza lile swali mara ya kwanza. Leo una la kuniambia? Isidori alisema hana. Kwa Celina hakwenda tena tangu siku lori liliporudi. Aliona hiyo inatosha. Alifikiri mtu akiacha kosa, kosa nalo linamwacha.

Kisha ikaja kazi ya kuta. Wa kwanza alikuwa Khalfani, alitaka karafuu na mdalasini mlangoni kwake. Halafu saluni. Halafu mabucha. Halafu maduka ya spea ya Gerezani, pistoni na springi. Kariakoo nzima, Mchafukoge, mpaka huko Msimbazi, mkono ni wa Despina na jina halipo. Mwanamke aliyefundishwa kuchora macho ya malaika alichora mitindo ya nywele, na aliichora vizuri. Hakulalamika hata siku moja. Hilo ndilo lililomuua Isidori polepole. Angetukanwa angeshukuru.

"Wagiriki hawanyamazi," alijifariji. "Angejua, angevunja nyumba."

Kisha mabango ya kuchapisha yakaja, yale ya plastiki. Unaenda asubuhi na picha yako kwenye simu, mchana unaning'iniza. Kuta za Despina zikafunikwa moja moja. Alipita chini yake akienda sokoni, hakuinua macho.

"Mama Pina amechora ng'ombe wengi kuliko walioko machinjioni Vingunguti," Khalfani alitania. "Wote wamemezwa na plastiki."

"Wako nyuma yake," Despina alijibu. "Wanalala."

Kitu kimoja tu hakukosa. Kila Alhamisi alivaa gauni safi akaenda Msimbazi kununua mayai ya kienyeji. Isidori aliwahi kumwambia mayai yapo mlangoni, anakwenda kutafuta nini mbali. Akasema ya hapa viini vyake havina rangi. Alirudi jioni na mayai manne, pengine matatu. Isidori alikula, hakufikiri. Rangi za kuta ni za mafuta, zinatoka kwenye kopo. Mchoraji wa kuta hana haja na kiini cha yai. Isidori alilijua hilo kama anavyojua mbao, na miaka yote hakulifikiri.

Despina alizikwa Kinondoni. Mdogo wake alipiga simu kutoka Hios, mtu mmoja wa kanisani akatafsiri. Aliuliza kama dada yake ameacha picha.

"Mwambie hakuna," Isidori alisema. "Kuna ng'ombe mmoja, na hana kichwa."

Yule mtu hakutafsiri.

Siku ya tatu, watu wanaanza kutawanyika, mama mmoja mnene alitoka upande wa wanawake. Alikuwa amelia mpaka kope zimevimba. Kitambaa kichwani, mvi zinachungulia. Isidori hakumtambua mpaka alipoongea.

"Pole, Isidori."

"Celina?"

"Mimi."

"Umekuja kufanya nini hapa?"

"Kuzika rafiki yangu." Alisema bila kupunguza sauti. "Njoo nyumbani Alhamisi. Kuna kitu chake."

Isidori alitaka kuuliza rafiki tangu lini. Akakaa kwenye kiti cha kukodi.

Alhamisi alikwenda kwa miguu. Alipita bucha ya Bryson. Bango jipya la plastiki lilikuwa limeshafunika ukuta, ng'ombe wa Ulaya, mweupe na mweusi, anacheka. Bryson alimwona, akatoka na aproni yake.

"Shikamoo mzee. Nisamehe, biashara tu. Yule hakuwa na kichwa."

"Marahaba," Isidori alisema, akapita.

Nyumba ya Msimbazi ilikuwa ileile, rangi tu imebadilika. Saluni sasa ni ya mtoto wa dada yake Celina. Chumba cha nyuma Celina alimwekea kiti, akamletea kahawa. Isidori alionja. Nzito, chungu, machicha chini.

"Nani kakufundisha hii?"

"Unadhani nani?"

Akakaa kitandani, mikono magotini.

"Alikuja mwaka ule ule lori liliporudi," alisema. "Alikuja kuomba kazi, kuchora ukuta wa saluni. Mimi simjui, naona mzungu na ndoo. Akachora siku mbili. Siku ya tatu akaomba maji, nikamwingiza humu. Akaliona kabati. Akalisogelea akaligonga, hivi, kwa kidole, kama mtu anabisha hodi."

Isidori aliweka kikombe chini.

"Akafungua mlango. Kwa ndani hukupiga randa, Isidori. Ulikuwa na haraka. Chini kabisa palikuwa na msalaba mwekundu na namba. Akaweka kidole pale. Akaniuliza, nani kakutengenezea? Nikamtaja. Kwa majivuno, Mungu anisamehe. Akaketi hapa nilipoketi mimi. Akaniambia yeye ni nani."

"Akakupiga?"

"Nilingoja anipige. Aliniomba kahawa. Nikampa ya unga wa kopo, akasema hii sio kahawa, nitakuja Alhamisi nikufundishe."

Nje katika saluni mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inaunguruma. Celina alingoja izimwe.

"Akawa anakuja. Siku moja akaja na kitambaa na gundi na chaki. Nikamuuliza, Mama Pina, kwa nini hapa, kwenye nyumba ya mtu aliyekukosea? Akasema, mbao zangu ziko hapa, mimi nikachoree wapi?"

Aliinuka, akafungua kabati. Milango yote miwili, mpaka ikagusa ukuta.

Mlango wa kushoto, kwa ndani, alikuwepo Mama amempakata Mwana. Yuleyule. Isidori alimjua kama unavyomjua mtu aliyekuwa safarini. Jicho la kulia zima, halina ufa, linatazama. Rangi imetulia, ubao umenyooka, baada ya miaka yote hiyo ya mvuke na taulo za moto. Isidori alinyoosha mkono akagonga ubavuni mwa ubao, taratibu. Sauti ilikuwa kavu, safi. Alilia pale. Celina hakumnyamazisha.

"Watu wangapi wamemwona huyu?" aliuliza baadaye.

"Mimi na nguo zangu. Na sasa wewe."

Ndipo alipotazama mlango wa kulia. Alisimama mwanamume amevaa nguo za askari wa zamani. Viatu vimekwisha, hata kamba zake. Joho jekundu limekwisha, kila mkunjo. Mikono ilikuwa imekwisha pia, na haikuwa mikono ya askari. Kidole cha shahada cha kushoto kilikuwa kifupi, kimekatika kwenye ncha. Isidori alitazama kidole chake mwenyewe, kile alichokatwa na msumeno mwaka themanini na tisa.

Shingoni kwenda juu palikuwa peupe. Chaki tupu, imesuguliwa laini.

"Huyu ni yule mtakatifu wao," Celina alisema. "Mwenye jina lako."

"Mbona hana uso?"

"Nguo alimaliza zamani. Miaka ishirini sasa inapita. Alikuja kila Alhamisi, akakoroga yai, akarekebisha hapa mkunjo, hapa kifungo, uso hagusi. Nilimuuliza kama ulivyoniuliza wewe. Nilimuuliza mpaka Alhamisi ya mwisho, wiki moja kabla hajafa. Hakuwahi kubadilisha jibu."

"Alisemaje? Sema kama alivyosema yeye. Usiongeze, usipunguze."

Celina alifuta uso kwa ncha ya khanga, akasema kama alivyoambiwa:

"Uso wake nitauchora siku Isidori atakaponiambia mwenyewe mbao zangu alizipeleka wapi. Namuuliza kila asubuhi."